KAMERA YA SINEMA KWA BEI CHEE: Walichanga Karibu Mwaka, Ilipofika Stori Ilishahama Mjini

Wadau, kuna watu wakiona gari kali barabarani shingo inageuka yenyewe. Wengine shingo inageukia viatu. Halafu kuna kabila moja hapa mjini, likisikia tu neno "kamera mpya" linasahau mpaka ugali ulioko jikoni. Hii ni stori ya watu watatu wa kabila hilo, wa pande za Sinza. Majina yabaki kapuni, maana ukizunguka vijiwe vya maprodyuza utawajua tu.

Wa kwanza ni jamaa mmoja wa miaka thelathini na kidogo, anashuti harusi, send-off na kicheni pati. Wenzake wanamwita Kaka. Wa pili ni dogo wa miaka 22, mtaalamu wa kuedit, kila kitu kajifunza YouTube kwa bando la usiku. Wa tatu ni dada mmoja mwandishi wa script, mpole, ila akishikilia jambo hachomoki.

Sasa twende Aprili 2018. Masika imekolea, Dar nzima ni madimbwi, watatu hawa wamejibanza geto kwa dogo wanasubiri mvua ikate. Dogo anaperuzi simu. Ghafla anapiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta.

"Kaka! 4K, RAW, dola elfu moja na mia mbili tisini na tano!"

Huko Las Vegas, Marekani, kwenye maonyesho ya NAB ya kila mwaka, kampuni ya Blackmagic Design ya Australia ilikuwa imetangaza Pocket Cinema Camera 4K. Kwa dola ya wakati ule, bei hiyo ilikuwa karibu milioni tatu za Kibongo. Ukimwambia mtu wa kawaida kwamba kamera ya milioni tatu ni bei chee atakuona umechanganyikiwa. Ila watu wa kabila hili wanajua historia. RED One, ile iliyowatoa watu jasho ilipoanza kufika mikononi mwao 2007, ilikuwa dola 17,500 kwa bodi peke yake. Hapo hujaweka lenzi wala betri. Na bado watu duniani walishangilia wakasema sinema sasa imeshuka bei! Leo mtu anakuambia 4K ya sinema kwa dola 1,295. Kelele lazima zipigwe.

Na kilichowapagawisha sio 4K peke yake. Siku hizo hata simu zilikuwa zinajiita 4K. Ishu ilikuwa RAW. Kwa lugha ya jikoni, video ya kamera ya kawaida ni pilau lililoshaiva: ukigundua chumvi imezidi, imekula kwako. RAW ni viungo vibichi. Unafika navyo kwenye kompyuta, unapika mwenyewe, rangi unaiweka unavyotaka, sura iliyozidi giza unaweza kuivuta kidogo ikaonekana. Kamera ile ilikuwa inarekodi RAW ya bit 12 ndani ya mwili wake, ina ISO mbili za asili, 400 na 3200, yaani usiku nao unashutika bila picha kujaa mchanga. Juu yake unapewa na leseni ya DaVinci Resolve Studio, programu ambayo ukiinunua kivyake ilikuwa dola 299.

Dogo alikuwa anasoma sifa hizo kwa sauti kama mtu anayesoma matokeo ya form four ambayo jina lake limo.

Kaka hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu.

"Betri inakaa muda gani?"

"Saa moja hivi."

"Basi itazima kabla bibi harusi hajaingia ukumbini."

Kaka ana sababu zake. Alishaishika ile Pocket ya kwanza kabisa, ya 2013, iliyouzwa dola 995. Ilikuwa ndogo kweli, HD tu, picha tamu, ila ukienda nayo kazini unabeba betri kama muuza karanga. Hii mpya nayo inaitwa ya mfukoni, ila kwa ule upana wake labda mfuko wa koti la konda wa daladala. Haina autofokasi ya kumfuata mtu anayetembea, haina kitu cha kuzuia mtikisiko ndani yake, na kioo chake cha nyuma, inchi 5, hakigeuki. Ukiwa kwenye jua la saa saba la Dar unakiangalia unajiona mwenyewe.

"Kaka, hii si ya harusi," dogo akasema. "Hii ni ya filamu."

Hapo ndipo dada akainua kichwa.

Maana dada alikuwa na filamu. Filamu fupi, dakika 15, kuhusu mama yake mzazi. Mama huyo alikuwa anakaanga samaki pale Feri kwa miaka 19. Saa kumi na moja alfajiri yuko mnadani anagombania mafungu na wanaume, saa mbili karai liko jikoni, jioni anahesabu chenji kwenye kopo la maziwa ya unga. Script ilikuwa imeandikwa tangu 2016. Kila akiulizwa kwa nini hashuti, jibu lilikuwa moja: "Nasubiri kamera. Mama yangu simshuti kwa kamera ya kuazima."

Mtu akisema hivyo huwezi kumlaumu. Bongo hapa kuna ugonjwa wa watu kudharau kazi kabla hawajaiona, wanauliza kwanza "umeshuti na nini?" Dada alishachekwa mara mbili na watu wenye vifaa. Alitaka siku moja aulizwe swali hilo awe na jibu.

Basi kikao kikakaa pale pale, mvua ikiendelea. Dogo akauza PlayStation yake na simu yake moja, akaleta laki nne. Dada akavunja kibubu chake na hela ya vikoba, milioni moja na laki moja. Kaka, yule yule wa "betri itazima", ndiye aliyetoa milioni moja na nusu. Ilikuwa kodi ya miezi sita, ya nyumba anayokaa na mke na mtoto. Mkewe aliambiwa hela imeingia kwenye "mradi".

Oda ikapelekwa kwenye duka moja Dubai kupitia jamaa anayesafiri kila mara. Na hapo ndipo mateso yalipoanzia.

Kamera kutangazwa na kamera kuwa dukani ni vitu viwili tofauti. Mzigo ulianza kutoka mwishoni mwa Septemba 2018, na ulipotoka dunia nzima ilikuwa imepanga foleni. Mtu wa Berlin anasubiri, mtu wa Lagos anasubiri, na wa Sinza naye yumo. Miezi ikawa inakatika. Dogo kila asubuhi anaangalia video za majaribio za wazungu waliobahatika kuipata: mmoja kashuti paka wake, mwingine kashuti mke wake anakunywa kahawa dirishani. Kila paka mpya akitoka, dogo anamtumia dada linki. "Ona hiyo rangi, dada! Ona hiyo ngozi! Mama akikaa kwenye kamera hii ni noma!"

Dada alikuwa anamjibu: "Ikija tu, tunaanza."

Oktoba, ikija tu. Novemba, ikija tu. Desemba mwenye nyumba wa Kaka akaja na sura yake ya kazi, mke akataka kuuona huo mradi kwa macho. Kaka akakopa. Hakumwambia dogo wala dada. Aliendelea kushuti harusi na Canon yake ya zamani, ile ile ambayo geto wote waliiita makumbusho.

Januari 2019, miguu ya mama ikagoma. Ilikuwa imevimba muda mrefu, alikuwa anaificha kwa kanga ndefu. Miaka 19 ya kusimama mbele ya karai. Daktari akasema kusimama basi. Ndani ya wiki tatu karai likauzwa, meza akapewa mwanamke mwingine, na mama akapanda basi kurudi kwao Muheza.

Dada alimsindikiza stendi Ubungo. Mama, akiwa ameshakaa dirishani, akamuuliza: "Na ile sinema yangu?"

"Kamera iko njiani, mama."

"Haya."

Kamera ilifika Machi 2019.

Tuseme ukweli, ilikuwa mashine. Walipoiwasha geto mara ya kwanza wakashuti kikombe cha chai, na kikombe kile kilikuwa kizuri kuliko filamu nyingi zilizowahi kuuzwa Kariakoo. Ila furaha ikadumu siku mbili, ndipo hesabu ya pili ikaingia. Lenzi za Canon za Kaka haziingii moja kwa moja, maana mdomo wa kamera ni wa Micro Four Thirds. Inatakiwa adapta. Ile yenye jina kubwa, bei yake ilikuwa karibu nusu ya bei ya kamera, wakachukua ya Kichina. Betri zinatakiwa nne au tano. Na diski: ukirekodi 4K kwa ProRes HQ, SSD ya GB 500 inajaa kwa saa moja na nusu hivi. Jaribu kufikiria kicheni pati ya Bongo inavyoanza saa kumi ikaisha saa sita usiku! Laptopu ya dogo nayo ilipofunguliwa faili la kwanza ilipiga kelele kama feni ya saluni, ikazima. Ukijumlisha vyote, milioni moja na laki mbili nyingine, na hapo ndipo ugomvi ulipolipuka.

"Mlisema milioni tatu," Kaka alisema.

"Bei ya kamera ni milioni tatu, Kaka."

"Mimi nimekopa kodi kwa ajili ya kikombe cha chai!"

Ndipo wenzake walipojua. Kimya kilichofuata hakikuwa cha dakika. Wiki nzima hakuna aliyempigia mwenzake.

Aliyevunja kimya ni dada. Alikwenda kwa mke wa Kaka, akampa shikamoo ingawa hawajapishana sana, akakaa, akaeleza kila kitu bila kuremba. Kisha akaweka mezani pendekezo: kamera ikae kwa Kaka, ikodishwe kwa siku kwa watu wa video za muziki, na hela yote iende kwenye deni la kodi mpaka liishe. Yeye na dogo wataichukua siku tatu tu, waende Muheza.

Muheza walikwenda. Mama aliwapokea kwa furaha, akawapikia, kisha akaingia ndani akatoka na gauni la Idi, mtandio mpya, wanja umepakwa. Akakaa kwenye kiti mbele ya nyumba, mikono magotini, akatazama kamera kama mtu anayepiga pasipoti. Walimwomba azungumze kuhusu Feri. Akazungumza kwa Kiswahili cha risala. Picha ilikuwa nzuri mno, kila mstari wa uso unaonekana, michungwa ya nyuma imetulia. Ila mwanamke yule wa mnadani hakuwepo. Yule alibaki Feri, na Feri meza ilishapewa mtu mwingine.

Usiku, dada akiwa amejiinamia, dogo akatoa simu yake kwa aibu kidogo. Kumbe mwaka 2017, siku moja alipomsindikiza dada kuchukua samaki, alirekodi mchezomchezo. Dakika 11. Inatikisika, kidole kimeingia mara mbili, sauti imejaa injini za boti. Lakini mama yumo. Anagombana na mvuvi kuhusu fungu la vibua, anamwita mwanangu huku anamtukana, anacheka, anafuta jasho kwa kiganja cha mkono, anamgeukia mwenye simu: "We mtoto, shika ndoo hiyo, acha kuchezea simu!"

Waliangalia mara nne. Mama naye aliitwa akaangalia. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanyamaza, akasema, "Nilikuwa na nguvu jamani."

Filamu ile ikaunganishwa hivyo hivyo: simu ya Feri ndani, kamera ya sinema Muheza. Anayeijua anajua kwamba kipande cha simu ndicho kinachowaliza watu. Na si jambo geni, Sean Baker alishuti filamu nzima ya Tangerine kwa iPhone 5s na ikafika Sundance 2015. Watatu hawa walikuwa wanaijua stori hiyo siku zote. Dogo aliwahi hata kuisimulia geto. Walidhani ni ya watu wengine.

Kamera haikuwa na kosa. Kwa kukodishwa siku moja moja, deni la Kaka liliisha kabla ya Agosti, na sasa Kaka ndiye anayeisifia kuliko wote. Betri anabeba sita, hasemi kitu.

Agosti hiyo hiyo ya 2019, kampuni ikatangaza Pocket Cinema Camera 6K. Dola 2,495, sensa kubwa zaidi, na mdomo wake unapokea lenzi za Canon moja kwa moja bila adapta. Dogo alifika kwa dada anahema.

"Dada, 6K! Tukichanga tena..."

Dada alikuwa kibarazani, ameegemeza simu yake kwenye chupa ya maji, anamrekodi bibi wa jirani anavyosuka ukili. Hakugeuka.

"Shika chupa hiyo isianguke," akamwambia.

Wadau, na wewe je? Kuna mtu au kitu umekuwa ukisubiri kifaa kizuri ndio ukirekodi? Dondosha maoni yako hapo chini. Ila kama mwenyewe yuko hapo karibu, anza na yeye kwanza, maoni yatasubiri.