Shujaa katika Karatasi ya Karanga

Reli ya tawi kutoka Kaliua hukata kilomita 210 za pori hadi kufika Mpanda, na hapo hukoma. Ilijengwa kwa sababu ya madini ya risasi. Lakini kwa mkaazi mmoja wa mji huo, fundi cherehani aliyekwisha kuipita miaka hamsini, hakuna shehena ya thamani iliyopata kushushwa stesheni hapo kushinda magazeti ya Sani.

Kaka yake ndiye aliyekuwa akiyanunua, na kila nakala akiitia jina lake kwa wino pembeni mwa jalada. Katika kurasa hizo ndugu wawili walicheka na Madenge, mtoto mtundu, na Ndumilakuwili, ambaye jina lake latosha kumweleza. Philip Ndunguru, aliyewabuni wengi kati ya wahusika wa Sani, alifariki mwaka 1986, nao wakaendelea kuishi kwa kalamu za wenziwe.

Kaka alifariki mwaka 2003, akaacha mtoto mchanga. Matanga yana gharama zake. Magazeti yakauzwa kwa kilo pamoja na makaratasi mengine, kwani muuza karanga hahitaji hadithi, ahitaji karatasi kavu.

Tangu hapo fundi huyo hununua Sani kuukuu kwa njia iliyo rahisi kuliko zote: hununua karanga, karanga akawagaia watoto, akabaki na karatasi. Aghalabu hupata mwanzo wa kisa usio na mwisho, au mwisho usiojulikana umetoka wapi. Mara mojamoja hupata furushi zima, kwa bei ambayo muuzaji hudhani amempunja mteja. Kurasa zilizoachana huzishona kwa uzi. Lakini kabla ya kusoma neno lolote, hutazama kwanza pembe ya jalada.

Wapenzi wa vitabu vya katuni wa Marekani wanayo desturi isiyo mbali na hiyo, ingawa fedha zao ni nyingine. Gazeti alimotokea Superman kwa mara ya kwanza, mwaka 1938, liliuzwa kwa senti kumi. Mwaka 2024 nakala yake moja iliuzwa mnadani kwa dola milioni sita. Vijana wawili waliombuni, Jerry Siegel na Joe Shuster, walilipwa dola 130 kwa hadithi ile pamoja na haki zake zote. Nakala zimekuwa adimu kwa kuwa nyingi zilitupwa, na nyingine zilitolewa ziwe karatasi chakavu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Fundi alipoelezwa habari hiyo alisema: "Kumbe nao walifungia karanga."

Sinema za mashujaa hao alianza kuzipenda katika mabanda ya video. Mwaka 2019 alimchukua mtoto wa marehemu kaka yake, aliyekwisha kuwa kijana, wakaenda kutazama Avengers: Endgame. Katika filamu iliyotangulia, ya mwaka 2018, nusu ya viumbe waligeuka vumbi. Katika hii wakarejea, na banda zima likasimama kwa vifijo. Kijana naye alisimama. Fundi akatoka nje, akisingizia joto.

Njiani kijana alimuuliza, "Ba'mdogo, mbona umetoka pahala patamu?"

Alijibu kwamba shujaa anayemjua yeye ni Fumo Liyongo, ambaye hakudhuriwa na silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa. Liyongo alikufa mara moja tu. Hakuna aliyemrudisha ili watu walipe kiingilio tena, na kwa karne nyingi watu wa pwani hawakuacha kumsimulia. Anayerudi, akasema, hana haja ya kukumbukwa.

Kijana hakukubali. Alisema angelipa kiingilio kila siku lau angejua kwamba katika sehemu ya pili baba yake angerudi, kwani yeye hana hata la kumkumbukia.

Fundi hakuwa na jawabu. Walipofika nyumbani alimfungulia sanduku la kurasa zilizoshonwa, akamwonesha pale ambapo jina la baba yake lilikuwa likiandikwa. Tangu siku hiyo wanunuzi wa karanga wamekuwa wawili. Jalada lenye jina lile bado halijaonekana.