Simba Mwenda Kimya

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Daktari Morrill Wyman wa Cambridge, jimboni Massachusetts, Marekani, alikilalia kitanda hicho kwa miaka mingi. Kila Agosti ilipokaribia ukingoni, alishikwa na chafya za mfululizo, macho yakamwasha na kububujika machozi. Jalidi ya kwanza ilipoanguka, maradhi yakamwacha. Alipokimbilia Milima ya White, jimboni New Hampshire, alipata nafuu mapema zaidi.

Mnamo Septemba 1870, furushi la gugu lililochumwa Cambridge lilifunguliwa huko milimani. Wyman na mwanawe wakalinusa. Papo hapo chafya zikawavamia. Mganga alikuwa ameyaalika maradhi kwa hiari yake ili ayajue, na mwanawe akayaonja pamoja naye.

Gugu lenyewe ni Ambrosia, jina ambalo kwa Wayunani wa kale lilikuwa la chakula cha miungu. Saa yake ni urefu wa usiku: siku zinapofupika, huchanua. Chavua yake huanza kupeperuka katikati ya Agosti, hufikia kilele Septemba, na hukoma kwa jalidi. Mmea mmoja waweza kutoa hata chembe bilioni moja kwa msimu. Maua yake ni ya kijani, hayavutii jicho wala nyuki. Mchukuzi wake ni upepo. Lawama, hata hivyo, humwangukia jirani yake Solidago, achanuaye majira yayo hayo kwa manjano ya kumeremeta. Masikini, chavua yake ni nzito na yenye kunata, nayo husafiri kwa wadudu. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

Aijuaye tarehe ya adui hujihami: hufunga madirisha, na kwa ushauri wa daktari huanza dawa kabla ya msimu kuwadia.

Waingereza waliyaita maradhi haya homa ya nyasi kavu, ilhali si homa, wala nyasi kavu sizo chanzo. Katika kitabu chake cha mwaka 1872, Wyman aliyapa jina la majira yake: mafua ya wakati wa kupukutika majani. Mfasiri afuataye neno kwa neno atamrithisha msomaji kosa la karne mbili. Kiswahili kina mzio, kina chavua. Mgonjwa aambiwaye ana mzio wa chavua ameshaonyeshwa, kwa jina tu, upande atokeako adui.