Mama anatolea wapi hela?

Nilipotea kidogo, si mnajua tena wiki za teseti, msuli ulikuwa si mchezo na desa zenyewe za kugombania. Leo nimepumzika, niwape kisa ambacho kimenikaa kichwani tangu boom litoke.

Boom lilipotoka nikamtumia mama elfu hamsini. Kwetu ni Nyakitonto, Kasulu, na kwa wale ambao wakisikia Kigoma wanadhani sote tumezaliwa ziwani tunavua migebuka... sisi ni wa huko juu, wa maharage na mihogo, ziwa wengine tumeliona ukubwani! Kama kawaida nikaweka na ya kutolea. Baada ya muda mama akapiga, shukrani nyingi, halafu akasema, "Mwanangu imeingia, ila nitaitoa Ijumaa nikipata gari la Kasulu." Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jioni nikapita Mwenge, nikaanza kuhesabu miavuli ya mawakala. Nilipofika kumi na saba nikaacha, maana mmoja alianza kuniangalia kama kibaka. Kumi na saba, hatua chache tu kutoka mmoja hadi mwingine, na mama yangu anasubiri gari la Ijumaa. Nikajiuliza, hivi hawa watu wanafuatana nini?

Jibu lipo nyumbani kwetu, kwa sababu kaka yangu alikuwa wakala. Alikuwa na kibanda cha mbao pale kijijini, na kamisheni za kibanda kile ndizo zilizonisomesha. Nilipochaguliwa kidato cha tano mwaka 2021, ada bado ilikuwa inalipwa (ilifutwa mwaka 2022, mliokuja nyuma yetu mmepona), na godoro, ndoo na nauli vyote vilitoka kibandani. Nikaripoti shule mwezi wa saba. Tarehe 15 ya mwezi huohuo tozo ya miamala ikaanza.

Mnaikumbuka. Kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, unakatwa ukituma na mwenzio anakatwa akitoa, juu ya makato ya kampuni. Serikali ilisema ni ya barabara za vijijini, madarasa na vituo vya afya, na mimi sibishi kwamba hivyo vitu vinahitajika kwetu. Lakini watu waliacha kutuma. Wakarudi kwa konda wa basi, hela kwenye bahasha, jina juu, unaomba Mungu.

Sasa hapa ndipo kwenye kisa chenyewe. Wakala anahitaji vitu viwili kwa pamoja, floti kwenye laini na keshi mkononi. Siku ya gulio kila mtu anaweka, floti inakwisha. Shule zikikaribia kufunguliwa kila mtu anatoa, keshi inakwisha. Wakala wa Mwenge akiishiwa anamgeukia jirani tu, "nitupie floti ya laki nikupe keshi", dakika mbili mambo safi. Wale wa miavuli siyo washindani peke yake, wao kwa wao ni benki! Kaka yangu alikuwa peke yake. Floti aliifuata Kasulu, nauli inakula kamisheni, na akiwa njiani kibanda kimefungwa. Wateja wakiwa wengi hilo linabebeka. Tozo ilipowapunguza, mjini kila mmoja alipata kidogo kuliko mwanzo akaendelea, kijijini aliyekuwa peke yake akafa. Kaka akafunga, akahamia Kasulu mjini karibu na stendi. Kulia kwake wakala, kushoto kwake wakala.

Tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba 2021, kaka alikuwa ameshaanza kuuza mbao za kibanda. Julai 2022 kiwango cha juu kikashuka hadi 4,000. Julai 2023 tozo ya kutuma ikaondolewa, ikaachwa ya kutoa. Waganda nao walianza na asilimia 1 Julai 2018, Novemba wakaibakiza nusu asilimia kwenye kutoa peke yake.

Wengi hapa chuo tulishangilia ile ya 2023, nami nilishangilia. Ila fikirieni, nani anatoa? Mimi hapa nalipa chipsi kwa lipa namba, stationari lipa namba, wiki inapita sijashika noti. Mama akienda kununua chumvi au kumlipa kibarua wa shamba, anatakiwa keshi. Kwa hiyo punguzo la kutuma nimelipata mimi wa Dar, kutoa amebaki nayo yeye, pamoja na nauli ya Kasulu. Nilimwambia mwalimu hivyo kwenye semina akasema niandike, ndiyo imekuwa mada yangu ya utafiti.

Juzi kaka kanipigia. Anataka kurudi Nyakitonto afungue tena, anasema watu wameanza kutuma kama zamani, mama atatolea mlangoni. Anaomba nimchangie laki mbili ya floti kutoka kwenye boom. Mwenzenu nimeshapiga hesabu zote za utafiti, zinaniambia kibanda cha peke yake hakitoboi mpaka awepo wa pili wa kupeana naye floti. Na nimeshapiga hesabu za kula mpaka mwisho wa semista, nazo mnazijua.

Nimemwambia nitampa jibu Jumapili. Nimemuuliza pia yule rafiki yake mwenye duka la mbolea kama naye anaweza kuchukua laini ya uwakala. Kasema atafikiria.

Haya, natoka, kuna pindi saa mbili.