Ujuaji wangu nusura uvunje posa ya dada

Nichekeni tu, nimeshazoea. Nyumbani Kibosho mpaka leo wananiita Fundi Pipa, na jina hilo nilijitafutia mwenyewe.

Ilikuwa Desemba 2022, mwezi ambao Mchagga popote alipo lazima apande kwao. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa anaposwa na watu wa Rombo. Posa bila mbege ni mchezo wa watoto, kwa hiyo bibi akashika mapipa, mimi nikawa msaidizi wa kuni na maji.

Sasa nina mshkaji wangu wa Dar aliyewahi kuishi Marekani. Kule, anasema, watu wanajipikia bia majumbani, ruksa tangu Rais Jimmy Carter aliposaini sheria mwaka 1978. Mtu anachukua vipande vya mwaloni (mti ambao wengi wetu tunaujua kwa mialoni ya Mamre kwenye Biblia), vimeunguzwa kidogo, anavilowesha kwenye wiski, kisha anatumbukiza vyote kwenye bia. Ujanja huo ni wa kuiga mapipa. Wiski yao ya bourbon kisheria lazima ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichounguzwa ndani, basi pipa likishatumika linauzwa, na wapika bia wanaligombania kwa ladha iliyobaki kwenye mbao. Eti bia inanukia vanila! Mate yakanijaa.

Bibi naye ana mti wake. Ndizi mbivu alizichemsha mpaka zikawa nyekundu, akaziacha zichache siku kadhaa, akachuja. Pembeni akapika uji wa ulezi uliooteshwa, na humo ndimo unapoingia unga wa gome la msesewe, mchungu kama kwinini. Alikuwa anatia kidogo, anaonja, anatema, anaongeza chembe. Nikamwuliza kwa nini asimimine tu.

"Mti ukizidi, mjukuu wangu, watu watakunywa mti."

Sikusikia. Mwaloni sina, nikabandua kipande cha mgrivea kwenye banda la kuku, nikakichoma, nikakilowesha kwenye chupa nzima ya pombe kali ya dukani. Usiku wa kuamkia posa nikamimina vyote kwenye ndoo ya wazee. Kimya kimya, nikijua kesho nitasifiwa.

Jamani! Mbege mtu anaijua. Mzee anajua kata ya ngapi ndiyo ya kuishia. Baba mdogo wa muoaji alikunywa kwa hesabu yake ya siku zote, na kata ya pili haijaisha ulimi ukawa mzito. Akasimama kutoa neno, akakaa chini bila kupenda. Mwanawe akapekua koti la mzee, akatoa vidonge vya presha. "Mmempa nini?" Mtu nyuma akataja sumu. Mshenga akavaa kofia yake. Dada yuko mlangoni na kanga mpya, machozi yanamtoka.

Bibi akaenda kwenye ndoo, akanusa, akaingiza mkono, akaibuka na kile kibao. Hakuuliza ni nani. Alinituma mgombani nikakate jani la sale. Kwetu ukimpelekea mtu jani hilo unaomba msamaha, na kulikataa si jambo dogo. Nikapiga magoti nalo mbele ya mzee, nikasema yote, mpaka habari za Marekani.

Mzee, akiwa amelazwa kwenye mkeka, akanikazia macho muda mrefu.

"Mti gani?"

"Mgrivea, babu."

"Wa banda la kuku?"

Aliyecheka kwanza ni mshenga. Mzee akalipokea jani, akanitoza mbuzi, na mbuzi wa Desemba mnajua bei yake.

Harusi ilifungwa mwaka uliofuata. Bibi alipika mapipa matatu, nami niliruhusiwa kuchota maji tu. Msesewe aliufunga kwenye pindo la kanga yake, akalala nao.