Mtumba

Chuo cha ualimu kilinitoa nikiamini kwamba mwalimu ni mlinzi wa lugha. Kwa hiyo, ndugu msomaji, nilipokuwa mwalimu mkuu nilikuwa adui wa maneno ya mitaani.

Mwaka 1988 mwanafunzi wa darasa la sita aliandika katika insha yake kwamba baba yake amemnunulia shati la mtumba. Nikalipigia neno mstari mwekundu, nikamsimamisha mbele ya wenzake. "Mtumba si Kiswahili," nikasema. "Sema nguo kuukuu." Darasa likacheka. Nilidhani wanacheka neno, kumbe walikuwa wakilitazama shati alilolivaa.

Sisi wakubwa nguo hizo tulizoea kuziita "kafa Ulaya", kana kwamba mwenyewe amefariki huko ndipo mali yake ikaletwa kwetu. Hilo la mtumba nililiona neno la wahuni.

Sasa nimestaafu, naishi hapa Kanyenye. Siku moja, nikitafuta neno jingine katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, nikakutana na mtumba: mzigo wa nguo au bidhaa uliofungwa ili uchukuliwe na mpagazi wa msafara. Nikaona haya peke yangu chumbani. Mji huu wa Tabora ulikuzwa na mitumba! Katika karne ya 19 wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliibeba kutoka pwani, kila mmoja kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ndani yake mlikuwa na shanga na marekani, kitambaa cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka. Robota la nguo kuukuu likarithi jina la mzigo ule, kisha jina likahamia kwenye nguo zenyewe. Yule mtoto alisema Kiswahili cha babu zake, nami nikamfuta.

Mwaka jana tulikutana msibani. Ni mtu mzima, ana wajukuu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Lile neno lako, mtumba, lilikuwa Kiswahili safi. Nilikosea mimi."

Akanyamaza kidogo. "Neno nilishalisahau, Mwalimu. Lakini lile shati sikulivaa tena."

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, vijana wakitamka neno nisilolijua, nauliza kwanza limetoka wapi, na kalamu nyekundu naiacha mfukoni.