Kutoka Bwenini Hadi Chooni

Juni 1994 nilikabidhiwa filimbi kwenye kambi ya watoto wa kipaimara huku Machame, nami nikaamini ulezi ndio huo. Mafunzo yetu yalichukua asubuhi moja tu. Tulisomewa ratiba, tukaonyeshwa namna ya kupanga mistari, tukaambiwa anayechelewa apige magoti. Mchana tukawa walezi.

Juni huku ukungu hushuka mpaka migombani. Watoto wa mjini, wa Pasua na Majengo, walikuja na fulana tupu, maana Moshi mjini sweta ni mzigo. Siku ya tatu mmoja wao alikojoa kitandani. Nikamsimamisha mbele ya wenzake, godoro kichwani. Wakacheka. Na mimi, sina budi kukiri, nilicheka.

Usiku ule akatoroka. Tulimpata alfajiri njia panda ya Machame, kwenye barabara kuu ya Arusha, mama muuza chai amemfunika kanga. Nikamuuliza kwa nini hakuamka kwenda chooni siku ile. Akasema, "Kaka, choo kiko mbali, halafu giza." Tochi za kambi zilikuwa mbili, zote kwa walezi.

Nisidanganye kwamba nilibadilika siku hiyo. Filimbi niliendelea kuipuliza kwa miaka, sema magodoro sikuyagusa tena. Baadaye zikaja semina, vikaja vitini, ikaja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliyokataza kumdhalilisha mtoto, ingawa viboko vya shuleni haikuviondoa. Walezi wenzangu wengine walinung'unika kwamba sasa watoto watatupanda kichwani.

Kilichonigeuza hasa ni wazo moja la kwenye kitini: kila mtoto apewe mwenza tangu siku ya kwanza. Nikampelekea habari mwalimu mmoja mstaafu, mzee wa usharika, nikijiona nimeleta jambo jipya mlimani. Akanisikiliza hadi mwisho, akatua kikombe chake.

"Mwanangu, hilo umelitoa wapi? Gutmann alilifanya kabla baba yako hajazaliwa."

Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig, alifika Kilimanjaro mwaka 1902 na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya Old Moshi. Watoto wa kipaimara aliwaunganisha wawili wawili au watatu watatu, wenza wa ngao, kila mmoja akimwangalia mwenzake. Wala hakulibuni; aliliokota kwa Wachagga wenyewe, kwenye malezi ya vijana wao. Kwa hiyo jambo lilitoka kihambani, likapita kanisani, likasahaulika, likaturudia ndani ya kitini kilichopigwa chapa.

Siku hizi mtoto wa mjini tunamuunganisha na wa mlimani. Wa mlimani anajua pa kukanyaga akivuka mfongo, mfereji wetu wa maji. Wa mjini anajua kusimama mbele ya watu bila kuangalia chini. Wapo wanaogombana. Mwaka jana wasichana wawili walinuniana siku mbili nzima kwa sababu ya ndoo, mpaka mmoja akaenda kwenye ua, akachuma jani la sale na kumpa mwenzake bila neno. Kwa Mchagga, sale ukishapewa ni vigumu kukataa kusamehe. Hakuna mlezi aliyemtuma, na sisi tulikuwa tumeshaandaa kikao cha usuluhishi!

Mafunzo ya walezi sasa ni siku nne, na somo langu huanza saa nane usiku. Nawaamsha vijana, wawili wawili, tochi moja, waende chooni na kurudi. Wakishazoea nawanyang'anya tochi, waende tena. Wanaorudi wakicheka nawarudisha.

Kutoka bwenini hadi chooni ni hatua 74. Nilizihesabu mwaka 2010, miaka 16 baada ya yule mtoto kuniambia ni mbali.