Salamu Zilizofika

Mabinti wa nyumbani kwetu wana mchezo wao wa usiku, vyombo vikiisha kuoshwa na televisheni ikiisha kuzimwa. Mmoja hutaja mcheza sinema wa Bara Hindi, wa pili hutaja wa Marekani, na wa tatu hupewa kazi ya kuwaunganisha: fulani alicheza na fulani katika filamu hii, naye akacheza na mwengine katika filamu ile, mpaka wafike. Anayefika kwa hatua chache ndiye mshindi, na tuzo lake ni kutofagia ua asubuhi yake.

Juzi mimi nilipewa Shah Rukh Khan na Kevin Bacon, nikabaki kutazama dari. Mdogo wao, mwenye miaka 13, aliwaunganisha kabla sijamaliza kikombe cha chai. Shah Rukh Khan alicheza na Amitabh Bachchan katika Kabhi Khushi Kabhie Gham ya mwaka 2001. Amitabh, ambaye watu wa rika langu tulimjua tangu enzi za Sholay ya 1975, alionekana na Leonardo DiCaprio katika The Great Gatsby ya 2013. DiCaprio alicheza na Tom Hanks katika Catch Me If You Can ya 2002, na Hanks alikuwa pamoja na Kevin Bacon katika Apollo 13 ya 1995. Hatua nne, na mtu amevuka bahari.

Mchezo wenyewe ulibuniwa mwaka 1994 na wanafunzi watatu wa Chuo cha Albright, katika jimbo la Pennsylvania. Bacon hakuufurahia hapo mwanzo, maana alidhani anafanyiwa mzaha. Ulipokataa kusahaulika aliugeuza kuwa na manufaa: mwaka 2007 akaanzisha taasisi ya hisani iitwayo SixDegrees, ya kuwaunganisha watu na kazi za kusaidia wengine. Wazo lililo ndani yake ni la zamani zaidi. Mwaka 1929 mwandishi wa Hungaria, Frigyes Karinthy, alitunga hadithi ambayo ndani yake mtu anadai kwamba anaweza kumfikia mwanadamu yeyote duniani kwa kupitia watu watano tu wanaojuana.

Sisi wa pwani hatukumhitaji Karinthy kutuambia hayo. Waweke wanawake wawili wasiojuana bega kwa bega harusini au katika matatu ya Mtwapa, uhesabu maswali. “Kwenu wapi?” “Wewe wa nani?” “Basi mamako si ndiye aliyeolewa kwa kina fulani?” Hapo utasikia kelele ya furaha, na mikono iliyokwisha kupeana salamu itapeana salamu upya. Tutasema dunia ni ndogo, tutasema milima haikutani, binadamu hukutana, na tutashuka garini tukistaajabia sadfa ile.

Lakini sadfa si kitu cha ajabu kama tunavyodhani. Chukua darasa la madrasa lenye watoto 23 tu. Uwezekano wa kuwapo wawili waliozaliwa siku moja na mwezi mmoja umeshapita nusu. Siri yake ni kwamba hatuhesabu watoto, tunahesabu jozi, na watoto 23 hufanya jozi 253. Basi ndivyo ilivyo kwa watu wa mji mmoja waliooana, waliohamiana na waliouziana vitu kwa vizazi vingi. Nyuzi zimeshatandazwa kila upande. Linalostahili kustaajabiwa ni kwamba yuko mtu aliyeushika uzi mmoja akaufuata.

Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, Stanley Milgram, aliupima udogo huu wa dunia kwa vitendo. Watu wa Nebraska na wa Boston walipewa barua imfikie dalali mmoja wa hisa, aliyefanya kazi Boston na kukaa mji wa Sharon. Sharti lilikuwa moja: kama humjui mwenyewe, mpe mtu mmoja unayemjua, ambaye unadhani yuko karibu naye zaidi kuliko wewe. Matokeo aliyoyachapisha pamoja na Jeffrey Travers mwaka 1969 yalionyesha kwamba barua zilizofika zilipita, kwa wastani, mikononi mwa watu watano na kitu. Hesabu hiyo ndiyo iliyovuma. Isiyosemwa sana ni hii: walioanza walikuwa 296, na barua zilizofika ni 64. Watu 79 hawakuipeleka hata kwa mtu wa kwanza. Hizo nyengine zilianza safari, kisha kila moja ikasimama mikononi mwa mtu ambaye hakuipitisha mbele.

Uzito wa hesabu hiyo niliuelewa hapa mtaani kwetu Mombasa. Wahusika wameniridhia niwasimulie, bila ya majina.

Jirani yangu mmoja, mjane anayeuza mahamri na mbaazi za nazi barazani kwake kila alfajiri, alikuwa akimwoza kijana wake. Posa ilikuwa imepokewa, mahari yametajwa, siku inatafutwa. Ndipo shangazi wa binti, mama wa miaka mingi, alipouliza: “Kijana huyu si yule aliyelelewa na majirani Mkomani, mamake alipougua?” Jirani yangu akasema ndiye. Alipojifungua Lamu, yapata miaka 30 nyuma, alishikwa na homa kali akalazwa karibu wiki mbili. Aliporudi alimkuta mwanawe mzima, akamshukuru Mungu, wala hakuuliza mtoto alinyonya kwa nani. Baada ya miezi michache wakahamia Mombasa. Na mama wa binti, ambaye sasa ni marehemu, wakati ule alikuwa akikaa mtaa uo huo, naye ana mtoto wake wa kiume mchanga.

Msomaji wa jarida hili hahitaji kuelezwa sana. Iwapo mama yule alimnyonyesha kijana, basi kijana na binti ni ndugu wa kunyonya, na ndugu hawaoani. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, huhesabiwa kunyonya mara tano kamili ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Wiki mbili zatosha kutimiza hesabu hiyo na kuzidi. Ilibidi ijulikane kabla ya nikaha, si baada ya watoto. Na aliyekumbukwa kwamba angejua ni mmoja tu: msichana wa mtaani aliyekuwa akimbeba mtoto yule siku zile za ugonjwa. Kilichobaki kwake ni lakabu ya utotoni, na habari kwamba babake alikuwa fundi wa majahazi wa Matondoni. Aliolewa akaondoka, na hakuna aliyejua aliko.

Vijana wa nyumba ile walimtangaza katika kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya 200. Tangazo likasomwa. Watu wakaandika “Mungu afanye wepesi”, wengine “amin”, wengine wakaweka picha ya mikono inayoomba. Siku nne zikapita kimya. Sisemi kwamba watu wale hawakuwa wema, na dua zao naamini zilikuwa za kweli. Ila kila mmoja alidhani katika watu 200 hakosi anayejua zaidi yake.

Hili nalo limepimwa. Mwaka 1968 wataalamu wawili, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio walilolifanya na wanafunzi wa New York. Mwanafunzi alikaa chumbani peke yake, akasikia kwenye kipaza sauti mwenziwe akishikwa na kifafa. Waliodhani kwamba ni wao peke yao wanaosikia, asilimia 85 walikwenda kutafuta msaada kabla sauti ya mgonjwa haijakatika. Waliodhani kwamba wako wengine wanne wanaosikia pia, ni asilimia 31. Wema haukupungua; jukumu ndilo lililogawanywa mpaka likawa dogo mno kuonekana.

Siku ya tano jirani yangu alinijia mimi, kwa kuwa hunijia kwa kila jambo. Nami nilimjua mtu mmoja Lamu: mama wa Langoni anayenishonea kofia. Nikampigia simu, nikamuuliza swali moja tu, kama anamjua mtu wa lakabu ile. “Mimi simjui,” akasema, “lakini namjua anayewajua watu wa Matondoni.” Akamtafuta msusi wa mikeka wa huko. Msusi wa mikeka hakujua, lakini alitoka kwa miguu hadi nyumbani kwa bibi mmoja, mjane wa fundi wa majahazi. Bibi akacheka aliposikia lakabu ile, kwa kuwa ni yeye aliyempa. Alikuwa na nambari ya kijana mmoja wa Mombasa, mtoto wa kaka yake huyo anayetafutwa. Kijana akajibu: “Huyo ni shangazi yangu. Anakaa Mji wa Kale.” Akataja uchochoro.

Ni uchochoro ulio nyuma ya nyumba yetu. Mjukuu wa mama yule huja barazani kwa jirani yangu kila alfajiri, na bakuli mkononi, kununua mahamri kumi na mbaazi. Miaka minne jirani yangu alikuwa akimpakulia mtoto yule. Kati yake na jawabu alilolitafuta kwa machozi palikuwa na mlango mmoja, na swali letu lilipita kwa watu watano na kuvuka maji mara mbili kabla ya kuufikia.

Jawabu lenyewe halikuwa tamu. “Mtoto yule nilimbeba mimi,” alisema yule mama. “Siku kumi na mbili alinyonya kwa mama wa binti huyu, usiku na mchana, kwa zamu na mwanawe.” Akawataja wanawake watatu waliokuwa wakiingia na kutoka nyumba ile, wote wahai. Kila mmoja aliulizwa peke yake, na maneno yao yakawa mamoja. Sheikh akayasikiliza, na posa ikafumuliwa kwa heshima. Binti alilia. Kijana hakuonekana barazani siku mbili. Mwaka uliofuata binti alipoolewa na mwengine, kijana yule alikaa safu ya kaka zake, kwa kuwa ndiye kaka yake.

Nikiwafikiria watu wale watano, naona kwamba hakuna aliyefanya jambo kubwa. Mmoja alipiga simu, mmoja alitembea, mmoja alikumbuka lakabu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na jawabu, na kama kila mmoja angesema “simjui” na kunyamaza, angekuwa amesema kweli. Msaada wao wote ulikuwa katika neno “lakini” lililofuata. Simjui, lakini namjua anayejua. Na kinyume cha neno hilo, pengine, kingekuwa ndoa batili iliyofungwa kwa kutojua, na watoto wanaogundua wakiwa wakubwa.

Tena hawakuambiwa ni kwa nini mama yule anatafutwa. Swali lilisafiri, siri ilibaki nyumbani. Hili nalitilia mkazo kwa sababu sisi wanawake hulaumiwa kwamba habari zetu zina miguu. Kweli zina miguu, na miguu hiyo ni neema ikiwa kilichobebwa ni haja ya mtu na si aibu yake.

Kwa hivyo, dada zangu, utakapopata ujumbe wa mtu anayetafuta damu, kazi au jamaa aliyepotea, usiishie kuusambaza kwa watu wote mara moja. Angalia kwanza tarehe yake, usije ukamtafutia damu mgonjwa aliyekwisha kupona. Kisha tafuta jina moja katika simu yako, mtu mmoja unayemjua, aliye karibu na jambo lile kuliko wewe, na umuulize yeye kwa jina lake. Naye mwambie, kama hajui, asinyamaze.

Na mambo yakiisha, rudisheni habari. Sisi tuliirudisha kwa njia ile ile, kutoka Mombasa hadi Langoni, kutoka Langoni hadi Matondoni, kwamba aliyetafutwa amepatikana na ni mzima. Siku ya pili bibi wa Matondoni akatuma salamu kwa yule mtoto wa zamani aliyempa lakabu, ambaye hawakuwa wamesemezana kwa miaka mingi. Zikapita kwa msusi wa mikeka, zikapita kwa mshona kofia, zikanifikia mimi. Nilivaa buibui langu nikazunguka nyuma ya nyumba kuzipeleka.